Mtani na Taa ya Kijani

"Nakuuliza swali dogo tu, Yusta. Ulicheka, hukucheka?"

Yusta Gama alikuwa amesimama nyuma ya dawati lake, mikono mgongoni. Kwenye ukosi wa shati lake kilikaa kifungo cha Shahidi, chombo cha kurekodi na kupima ukweli, kidogo, cheusi, kimetulia. Wanafunzi wote wa Kidato cha Pili walikuwa nacho. Kila mtoto nchini alikuwa nacho, tangu siku anaanza darasa la kwanza mpaka anamaliza shule.

"Nilicheka, Mwalimu."

"Kwa nini ulicheka?"

"Babu Kikoti alikuwa anachekesha. Alivaa koti la marehemu babu, akawa anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye."

"Haya. Na aliposema yeye ndiye aliyemuua babu yako, alikuwa anafanya nini?"

Msichana akainamisha kichwa. "Nilifikiri anatania. Halafu jioni nikaiangalia tena ile video, nikaona taa ni ya kijani, yaani ni kweli."

Mwalimu Fotunata Mbano alisikia damu ikimpanda kichwani. Hivi jamani! Mtoto alikuwepo msibani. Alikaa mkekani na bibi yake, akaona kwa macho yake, akasikia kwa masikio yake, akacheka kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa anaambiwa na kifungo cha shati kwamba alichokisikia sicho, naye anakubali, tena kwa adabu zote.

"Yusta, wewe unamjua Mzee Kikoti tangu lini?"

"Tangu nimezaliwa, Mwalimu. Ndiye aliyetengeneza kitanda changu."

"Na unaamini ameua?"

"Mimi siamini," alisema Yusta, na machozi yakaanza kumlengalenga. "Lakini Shahidi hakosei."

Darasa zima lilitikisa kichwa kukubali. Fotunata aliwatazama watoto wale, akashindwa ajue amkasirikie nani.

Kisa chenyewe hakikuwa na fumbo lolote kwa mtu wa Songea. Mzee Gama alikuwa Mngoni. Mzee Vitalis Kikoti, seremala wa jirani yake, ni Mhehe. Wangoni na Wahehe walipigana zamani wakachoka, wakabaki watani. Mtani haji msibani kulia, wenye kulia wapo. Mtani anakuja kuvuruga. Atalala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, atavaa nguo za marehemu, atamtukana hadi wafiwa wacheke na chakula kianze kupita kooni. Basi Mzee Kikoti alikuja, akavaa koti, akachukua mkongojo, akasimama mbele ya waombolezaji akapaza sauti: "Msihangaike kutafuta mchawi! Nimemuua mimi. Nimemtilia sumu kwenye pombe, nimechoka kumwona Mngoni anazeeka kunishinda. Na nyie mliobaki jiandaeni, sumu bado ipo!" Watu walicheka mpaka wakaegemeana.

Yusta aliirekodi. Alitaka tu binamu zake walio mbali nao wacheke. Video ikatoka ikiwa na taa ya kijani pembeni, ikavuka mipaka ya mkoa wa Ruvuma, ikaenda kwa watu wasiojua Mngoni ni nani wala Mhehe ni nani, ikapewa jina jipya: Mzee akiri kuua, atishia familia. Kijani. Nchi nzima ikataka achukuliwe hatua. Jana askari wakaja kumchukua karakanani, randa ikiwa bado mkononi.

Bibi yake Yusta alikwenda kituoni na wazee wenzake kueleza. Askari wa zamu, naye Mngoni, alimsikiliza mpaka mwisho. "Bibi, mimi mwenyewe nimeicheka ile video," alimwambia. "Lakini nyie wazee hamna vifungo. Maneno yasiyo na taa hayapokelewi." Daktari aliyemtibu marehemu aliandika kwamba alikufa wodini kwa mapafu. Mamlaka ya Ukweli, wenye Shahidi, ikajibu kuwa daktari ni binadamu, anaweza kukosea.

Loh! Daktari anakosea, bibi anakosea, ukoo mzima unakosea, kifungo hakikosei.

*

Ofisini kwa mkuu wa shule alikuwa ameketi mgeni, kijana mwenye suti ya rangi ya majivu na kovu dogo kidevuni. Mkuu, Mwalimu Otmar Haule, alimtambulisha.

"Huyu ni Bwana Kalinga, afisa kutoka Mamlaka ya Ukweli. Amekuja kwa ile kesi."

Kalinga. Jina la Kihehe kabisa. Fotunata alifurahi, moyo ukamtulia kidogo, akamsalimia kama Mngoni yeyote angemsalimia Mhehe, kwa ule utani kwamba Wahehe wanakula mbwa. "Karibu Mhehe! Nimepita getini sijamwona mbwa wetu. Umeshamla, au umemfungasha wa njiani?"

Bwana Kalinga hakucheka. Alitazama kibao chake cha kioo kilichokuwa mezani, akamtazama tena Fotunata. "Mwalimu, umenituhumu wizi, na umetoa kauli ya kudhalilisha kabila. Kwa bahati yako sikuwa nimewasha kurekodi."

"Ebo! Wewe baba yako ni wa wapi?"

"Baba yangu alizaliwa Iringa. Mimi nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Sioni inahusiana vipi."

Fotunata alivuta kiti akakaa. Walimletea Mhehe asiyejua kutaniwa aje kumhukumu Mhehe aliyetania.

Kalinga alieleza kazi yake kwa upole wa mtu aliyezoea kueleza. Mzee Kikoti alikuwa akikana. Kwa hiyo sheria ilitaka shahidi mmoja mwenye kifungo, aliyekuwepo pale, aseme mbele ya kifungo chake kwamba maneno yale yalitamkwa kama yalivyo. Sentensi moja. Mwenye kifungo aliyekuwepo msibani alikuwa mmoja tu, Yusta. Baada ya sentensi hiyo mzee angehamishiwa gereza la mkoa, na kutoka hapo, Kalinga alisema akirekebisha tai, mambo huwa hayarudi nyuma.

"Lakini maneno aliyatamka kweli," alisema Fotunata. "Hakuna anayebisha. Swali ni aliyatamka kwa nani, wapi, na kwa nini. Hicho chombo chenu kinapima nini hasa?"

"Vitu viwili. Kwanza, kama picha na sauti vimeguswa. Pili, kama msemaji anapambana na nafsi yake. Mwongo anapodanganya, sauti inabanwa na damu ya usoni inabadilika kidogo, jicho la mtu halioni, Shahidi anaona, taa inawaka nyekundu. Mzee Kikoti hakuwa na mapambano yoyote."

"Angepambana na nini? Hakuwa anadanganya! Mtani hadanganyi, anatania! Hakuna mtu pale aliyetakiwa kumwamini!"

"Basi hakudanganya," alisema Kalinga. "Wewe mwenyewe umesema."

 Fotunata alitamani kumkamata yule kijana ukosi amtikise, labda kitu cha Kihehe kingedondoka.

"Zamani nilikuwa na somo hapa," alisema taratibu, akijizuia. "Uchambuzi wa Habari. Nilikuwa nawaletea watoto picha, tangazo, uvumi, nawaambia wasiniambie kama ni kweli, waniambie kwanza nani kasema, anamwambia nani, anataka nini, na kipi kimekatwa. Mkalifuta. Mkasema halina kazi tena."

"Halina," alisema Kalinga. "Watoto sasa hawadanganyiki."

"Watoto sasa hawafikiri!"

"Lisemwalo lipo, Mwalimu," Mkuu Haule aliingilia, kwa sauti yake ya kinyonge, ile ya kutaka yaishe. "Tusibishane na Mamlaka."

Fotunata aliichukia methali ile tangu utotoni. Ni nani aliyewaambia watu kwamba kila lisemwalo lipo? Mangapi yanasemwa na hayapo, na hayaji kamwe!

*

Kalinga alipotoka kwenda kupata chai, Mkuu Haule alifunga mlango.

"Fotunata, najua uso huo. Unataka kufanya kitu."

"Nataka kuwaonyesha watoto kwamba kile kifungo kinaweza kuchezewa. Nitatania mbele yao, kitawaka kijani, waone wenyewe."

"Utatania nini?"

"Kwamba nimeua mimi."

Mkuu alikaa kitini pole pole. "Umesahau ule mwaka wa sura za bandia? Yule binti wa Kidato cha Nne aliyetengenezewa video ya uchi, uso wake, sauti yake, kila kitu? Mama yake mwenyewe aliiamini. Tulimzika, Fotunata. Wewe ulisoma wasifu wake makaburini. Shahidi alipoletwa, vitu vile vilikoma. Watoto wetu wakalala usingizi. Sasa ukiwaonyesha kwamba taa inachezewa, kesho akitengenezewa mwingine, watashika nini? Utawanyang'anya fimbo kabla hawajajua kutembea."

Hilo lilimwingia. Fotunata hakuwa mtu wa kubisha kwa kubisha, na bado alimwota binti yule. Tena kulikuwa na lingine lililomkera zaidi, ambalo Mkuu hakulitaja. Maisha yake yote ya ualimu hakuwahi kuwadanganya wanafunzi, hata kwa wema. Mtoto akimuuliza kitu asichokijua, alisema sijui. Alitaka darasani kwake pawe mahali pamoja duniani ambapo neno likitoka halina hila. Leo asimame mbele ya watoto wale wale aseme neno la uongo kwa uso mkavu, tena akijua hawakulelewa na utani, kwamba watalimeza zimazima? Je, si ndivyo wafanyavyo walaghai wote, kusema nilikudanganya kwa faida yako?

Alifikiri. Alimfikiria Mzee Kikoti rumande, bila shaka akiwatania mahabusu wenzake, na kila neno likimwongezea kosa. Halafu akamfikiria Yusta akiwa mtu mzima, amejua maana ya utani, amejua alichokifanya kwa sentensi moja. Hapo hasira ikamrudi yote.

"Mkuu, fimbo wanayoishika siyo yao," alisema. "Imeshikwa na mtu mwingine upande wa pili, anawavuta anakotaka. Watanilaani, sawa. Lakini huyu mtoto hatamzika mzee wa watu akiwa hai."

"Watakufukuza kazi."

"Wafukuze."

*

 Kalinga alisimama mbele ya darasa, kibao chake mkononi, amekiwasha.

"Yusta, njoo hapa mbele. Usiogope. Utasema tu kwamba maneno uliyoyarekodi yalisemwa na Mzee Vitalis Kikoti kama yalivyo. Basi, umemaliza."

"Subiri kwanza," alisema Fotunata kutoka mlangoni.

Alikuwa anatetemeka kwa hasira, na alijua kwamba akisema hivyo alivyo, taa itawaka nyekundu na mchezo utaishia hapo. Akavuta pumzi. Akamkumbuka nyanya yake, aliyekuwa akiwafukuza Wahehe msibani kwa mwiko wa ugali huku akiwaita wake zake. Tabasamu likaja lenyewe. Akamtazama Kalinga na suti yake, na kwa mara ya kwanza siku ile akamwona alivyo, mtani wake kabisa, aliyepotea njia.

"We Mhehe, mbona unawahangaisha watoto wa watu?" alisema huku akicheka. "Si tulikubaliana nitasema mwenyewe? Haya wanangu, sikilizeni. Mzee Gama nimemuua mimi. Kikoti mnamwonea bure, hana hata akili ya kuua kuku. Nilimkaba kwa mikono yangu hii, na huyu bwana mnayemwona hapa ndiye aliyenishikia miguu ya marehemu. Tena miguu yenyewe ilimshinda, akala teke. Mtazameni kidevu!"

Vifungo vikawaka. Dawati hadi dawati, ukosi hadi ukosi, darasa lote likawa kijani. Kibao mkononi mwa Kalinga nacho kikawaka kijani.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuuma Fotunata kuliko yote. Watoto walimtazama kwa hofu, na wawili wa mbele walisogeza madawati nyuma.

"Huu ni uongo!" alipiga kelele Kalinga. "Hili kovu nilianguka na baiskeli! Mimi huyo mzee sijawahi kumwona!"

"Lakini Afisa," alisema msichana mmoja wa nyuma, Remigia Tawete, kwa sauti ya kuogopa, "taa ni ya kijani."

"Najua ni ya kijani! Nasema ni uongo!"

Alipokwisha kutamka alishika mdomo, kwa kuchelewa. Fotunata hakumsaidia. Aligeukia darasa.

"Mnaona rangi gani?"

"Kijani, Mwalimu."

"Kwa hiyo mimi nimeua?"

 Vichwa viliinama, vikainuka, vikatazamana. Kisha Remigia akasema tena, sasa akikunja uso, kama anayefanya hesabu ngumu.

"Mwalimu, siku aliyofariki Mzee Gama ulikuwa hapa. Ulitusimamia mtihani wa majaribio tangu asubuhi."

"Tena ulinipokonya karatasi," alisema mwingine.

"Na alifia wodini, si nyumbani. Ungemkaba vipi wodini, na manesi wote wale?"

"Na huyu Afisa kaja Songea leo, alikuwa anamuuliza mlinzi choo kiko wapi!"

Sauti ziliongezeka, zikakatizana, wakaanza kubishana wao kwa wao, na mtu mmoja pembeni akacheka, halafu mwingine. Fotunata aliegemea ubao. Alikuwa hajasikia kelele za namna hiyo darasani tangu walipomfutia somo lake, na almanusura alie.

"Sasa ile ya Babu Kikoti..." alianza Remigia.

Wote walimgeukia Yusta.

Yusta alikuwa bado amesimama mbele, karibu na afisa. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Aliijua serikali, alimjua bibi yake aliyekuwa akilia nyumbani, alijua video imetoka mkononi mwake. Alipofungua mdomo sauti ilikatika, akaanza upya.

"Babu Kikoti hakumuua babu. Alikuwa anatania. Nilikuwepo. Mimi nilicheka. Bibi alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, ndiyo akakubali kula."

Vifungo vikageuka vyote. Nyekundu, darasa zima, na cha Yusta mwenyewe kikiwaka shingoni.

"Mmeona!" alisema Kalinga, na afueni ilimjaa usoni. "Anadanganya. Ushahidi haupokelewi."

"Hadanganyi," alisema Remigia, safari hii bila kuogopa. "Anaogopa. Mtazame anavyotetemeka. Hata mimi ningekuwa nyekundu."

Kalinga alitazama kibao, akamtazama Yusta, akatazama watoto. Watoto hawakuwa wakitazama vifungo tena. Walikuwa wakimtazama yeye.

Mkuu Haule, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alikohoa. "Bwana Afisa, samahani. Ile kijani ya kwanza, ya wewe kushika miguu. Imeshafika makao makuu?"

"Kila kitu kinafika papo hapo."

"Basi lisemwalo lipo," alisema Mkuu kwa unyenyekevu mkubwa. "Labda niite askari wakuchukue wewe na Mwalimu kwa pamoja. Kwa gari moja."

Kalinga alitoka nje na simu. Dirisha lilikuwa wazi, na darasa zima lilimsikia akisema kwa sauti ya chini. Ndiyo, hitilafu. Hapana, shule nzima, mtambo wa eneo lote. Ndiyo, zifutwe zote za wiki hii. Na ile ya msibani pia. Mzee aachiwe, waandike hitilafu ya kiufundi. Hapana, hapana, Shahidi hana tatizo.

Hata kukiri! Hata nusu ya kukiri! Wamemtoa mzee karakanani mbele ya wajukuu, wamemlaza sakafuni, nchi nzima imemtukana, na mwisho wake ni hitilafu ya kiufundi. Fotunata alisaga meno. Angetaka aingie mle simuni mwenyewe.

Kalinga alirudi akiwa amefunga vifungo vya koti lake. Hakumtazama mtu. "Mwalimu Mbano, kuanzia sasa hutakiwi kuingia darasani. Utapata taarifa. Na nyie watoto, mliyoyasikia leo hayakusemwa."

"Yamesemwa," alisema mtoto mmoja, hakujulikana nani. Kalinga aliondoka bila kuuliza.

Fotunata alichukua mkoba wake na chaki zake mwenyewe, alizonunua kwa sababu shule haikununua tena. Mkuu Haule alimsogelea, akampokea mkoba na kumtangulia nje. Watoto walisimama wote.

Alipofika karibu na mlango, Yusta alimkimbilia akamshika mkono. Kifungo chake kilikuwa kimezima, lakini alikuwa amekifunika kwa kiganja.

"Mwalimu, kilikuwa chekundu. Niliposema vile, kilikuwa chekundu kabisa. Kwani nilidanganya?"

Fotunata alimtazama. Jibu alikuwa nalo mdomoni, fupi, tayari, na mtoto alikuwa akilisubiri kwa macho yote mawili, kama alivyokuwa akiisubiri taa. Akalimeza.

"Ulikuwepo?" alimuuliza.

"Nilikuwepo."

"Ulicheka?"

"Nilicheka, Mwalimu."

"Sasa unaniuliza mimi ya nini?"